Tumbo la Kilosa, Damu ya Mikumi

Ukimpa sahani ya pilau, aliichambua kwanza. Si kwamba alikuwa na kinyaa au anatafuta kasoro ya mpishi. Alikuwa anapanga. Nyama upande huu, viazi upande ule, wali katikati. Kisha anaanza na wali mpaka unakwisha, anafuata viazi, na nyama anaimalizia ikiwa imeshapoa na mafuta yake yameganda. Kachumbari aliomba iwekwe kwenye kisahani chake peke yake. Wageni wasiomjua walitazamana. Sisi wa Magomeni, hapa Kilosa, tulishamzoea. Siku moja msibani nilimuuliza kwa nini asile kama watu wengine, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Mama Zuhura, kila kitu kina zamu yake," alisema. "Ukiviingiza vyote kwa pamoja, hutajua kipi kimekwama."

Tulimwita Stesheni Masta. Stesheni yenyewe alikuwa ameshaiacha miaka mingi, amestaafu na mvi zake, lakini jina halikustaafu. Watoto ambao hawakuwahi kumwona na kofia ya reli walimwita hivyo hivyo, na yeye aliitika kwa sauti ya mtu aliye kazini. Mimi ni fundi cherehani. Ukuta wa nyumba yangu na wa kwake ulikuwa mmoja, na meza yangu ya kushonea ipo barazani, kwa hiyo mtu akitoka kwake au akirudi lazima nimwone. Sikumchunguza. Alikuwa mbele ya macho yangu tu, kama ilivyo sindano.

Ili umwelewe lazima uielewe kidogo kazi yake, nami nitaieleza kama alivyonieleza, maana aliieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Reli yetu ya zamani ni njia moja. Treni ikitoka Kilosa kuelekea Mikumi, enzi hizo tawi lile likiwa hai, hakuna treni nyingine iliyoruhusiwa kuingia kipande kile mpaka stesheni ya mbele ipige simu kusema ya kwanza imefika salama. Dereva alipewa kibali cha karatasi. Kama treni haisimami, kibali kilibanwa kwenye kitanzi, stesheni masta anasimama ukingoni amenyoosha mkono juu, na dereva anakipitia kwa mkono wake treni ikienda. Hapo akipenda kusimulia alisimama, akanyoosha mkono, akakunja vidole duara, akafumba macho kwa sababu ya vumbi la treni ambayo haikuwepo. Bila kibali hakuna kwenda. Na kibali ni kimoja.

Watu walidhani huo ni utani wake wa uzeeni. Haukuwa utani. Kwa vipande vipande, miaka na miaka, nilikuja kujua kwamba ujanani, kabla hajapewa stesheni yake mwenyewe, kuna kiberenge cha mafundi wa njia kilichoingia kwenye kipande chenye treni ya mizigo. Nani aliruhusu, hakusema. Alisema tu kwamba kona ile ilikuwa na majani marefu, kwamba mmoja wa wale mafundi alikuwa akilala naye chumba kimoja, na kwamba yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya zana zilizotawanyika. Nyundo aliziweka pamoja, spana pamoja, na viatu pamoja. Sikumuuliza zaidi.

Basi tangu hapo ikawa hivyo kwa kila jambo. Alifua mashati siku yake na suruali siku yake. Aliposwali hakuitika hodi hata kama nyumba inaungua, na alipopiga soga hakutaka mtu achomeke habari nyingine katikati ya habari. Wewe unaanza, "Kumbe ulisikia yule mama wa Magole...," naye anainua kiganja: "Hii haijafika. Subiri ifike." Mkewe, aliyetangulia zamani, alikuwa Mkaguru wa milimani, Mwanglikana wa kutoka nyumba ya waimbaji. Krismasi ilipofika mzee alisimama nje ya ukuta wa kanisa kusikiliza kwaya kwa ajili ya marehemu, amevaa kofia yake ya kiislamu, na hakuona ajabu yoyote. Ijumaa ina kipande chake na Krismasi ina kipande chake. Katika hilo nilimpenda.

Lakini kuna alipoharibu, na sitaki kumpamba kwa kuwa amekufa. Watu walimpelekea kesi za majumbani, kwa sababu hakuwa na mdomo na hakupendelea. Siku moja alikuja jirani yetu mmoja, mama mwenye watoto wadogo, analia. Mume haachi hela ya mboga, na mume anampiga. Stesheni Masta akamkalisha, akampa maji, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tuanze na moja. Lipi?" Yule mama akafikiri, akachagua mboga, kwa sababu watoto walikuwa na njaa siku ile. Mzee akamwita mume, akaongea naye vizuri sana, na mume akaanza kuacha hela ya mboga. Kesi imefika, kipande kiko wazi. Kabla mume hajaitwa kwa ajili ya kesi ya pili, yule mama alipita barazani kwangu jicho moja limefumba na mdomo umepasuka.

Nilimfuata mzee nikamfokea. Shikamoo nilitoa, maana adabu ni adabu, kisha nikafoka. Nilimwambia hicho kipigo ndicho kilichokuwa cha kuanza nacho, na kama hakujua, angesikiliza yote mawili ndipo aamue. Aliniacha nikamaliza. Akasema, "Alichagua mwenyewe." Kisha akaingia ndani, na kesho yake akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na yule mama, wakashughulikia hilo la pili. Hakuwahi kukiri kwamba alikosea. Lakini kwa muda mrefu kila alipomwona yule mama alisimama kando ya njia kumpisha apite.

Ukali huo wote wa utaratibu, halafu dawa alikuwa anazila kama njugu. Hapo ndipo nilipokuwa simwelewi kabisa. Magoti yalimsumbua tangu enzi za kusimama stesheni, na kwa magoti alikuwa na duka lake la dawa hapa hapa Magomeni, anakonunua diklofenaki bila kuulizwa swali. Asubuhi anameza, mchana anameza, kabla ya kula au baada ya kula, lolote lililomkuta. "Hizi ni za magoti," alisema, kana kwamba kidonge kikishuka kooni kinageuza njia chenyewe kwenda gotini bila kupita tumboni.

Tumbo lilianza na kiungulia. Alikuwa anacheua hovyo, anajipigapiga hapa chini ya kifua, anasema kuna moto. Huku kwetu mtu akishika hapo, majirani wote ni madaktari. Una vidonda vya tumbo, kunywa maji ya kabichi. Una vidonda vya tumbo, acha maharage. Una asidi, lamba asali. Alizijaribu zote, moja moja, kwa zamu, hakuruka hata moja. Kisha akaanza kushiba haraka. Ule wali wa katikati ya sahani haukwisha tena, na viazi na nyama vikawa vinarudi jikoni vikiwa vimepangwa vizuri, havijaguswa. Alipokwenda hospitali hapa Kilosa walimpa dawa za tumbo za wiki kadhaa, wakamwambia asipopata nafuu arudi, na wakamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote.

"Ukawaambiaje?" nilimuuliza.

"Nimewaambia kwa tumbo, situmii nyingine."

"Na za magoti?"

"Hawakuniuliza magoti."

Kizunguzungu kilimkutia Mikumi. Binti yake, Mwajuma, ameolewa huko, anapikia madereva wa malori pembeni ya barabara kuu, na mzee alikuwa anakwenda kumtembelea ingawa aliudharau mji ule. Alisema Mikumi ni mji wa honi, mji ambao hakuna anayempisha mwenzake, na tembo wana akili kuliko malori. Basi akiwa huko akasimama kutoka kwenye mkeka, dunia ikazunguka, akakaa chini tena. Mwajuma akampeleka hospitali ya huko. Wakapima damu, wakakuta imepungua vibaya, na chembe zenyewe ni ndogo na zimepauka. Daktari akamuuliza kama ana shida ya tumbo, kama anatapika, kama choo kimebadilika rangi.

Nami nimeambiwa haya na Mwajuma, ambaye alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Baba yake alimtazama daktari usoni, akajibu, "Tumbo halipo hapa." Daktari akaelewa kwamba tumbo halina shida. Mzee naye hakuwa anadanganya, kwa jinsi alivyoona yeye. Tumbo lilikuwa limeshaingia kwenye kipande cha Kilosa, lina kibali chake, dozi haijaisha. Angewezaje kuliingiza tena Mikumi? Mwajuma alifungua mdomo aseme, akakatwa jicho, akaufunga. Alilelewa na mtu huyo.

Akarudi Kilosa na vidonge vya kuongeza damu, tena amefurahi, anasimulia mfumo wake kwa fahari. Tumbo Kilosa. Damu Mikumi. Magoti dukani. Kila mmoja na wake, na hakuna anayegongana na mwenzake. Mwajuma alimfungia na choya kavu, achemshe anywe juisi nyekundu kwa ajili ya damu, na juisi ile kali ilimchoma tumbo mpaka akajikunja, akaendelea kuinywa kwa sababu ilikuwa ya damu, si ya tumbo. Choo kikawa cheusi kama lami. Hilo aliniambia mwenyewe ukutani, kwa sauti ya chini, akaniwahi kabla sijashtuka: "Wamesema zile dawa za damu zinafanya hivyo." Na kweli, zinafanya hivyo. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Walichosema ni kweli, nacho kilifunika kitu kingine kilichokuwa kweli vilevile.

Kiuno chake nilikijua kuliko mtu yeyote. Alianza kuniletea suruali za kupunguza. Ya kwanza nikapunguza kidogo, nikidhani ni uzee. Akarudi nayo tena. Akaleta nyingine. Mkunjo wa nyuma ukawa mkubwa hadi mifuko miwili ikakaribia kukutana, na mimi nikaweka mkasi chini.

"Mzee, hii suruali siigusi tena. Anayepungua si suruali."

"Kitambaa kimelegea."

"Kitambaa gani cha kulegea namna hii? Nimeshona miaka yote hii sijakiona. Wewe unaisha! Nenda ukawaambie hospitali kila kitu kwa pamoja. Magoti, tumbo, damu, choo. Mwili ni mmoja."

"Reli nayo ni moja," alisema, wala hakukasirika. "Ndiyo maana tunaigawa vipande."

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilifunga cherehani, nikajifunga khanga, nikaongozana naye mpaka hospitali siku aliyopangiwa kurudi. Tulikaa foleni asubuhi nzima. Ilipofika zamu yake nikasimama naye, akanigeukia mlangoni akasema, "Wewe huna ugonjwa, kaa." Nikakaa. Lakini mlango haukufungwa vizuri, na uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti pale nilipo, watu wote kwenye benchi wakageuka: "Ana upungufu wa damu huyo! Anatibiwa Mikumi! Muulizeni!"

Daktari akamuuliza. Nilimsikia vizuri akimuuliza, tena kwa upole. Mzee akajibu, "Hilo liko kwa wenzenu." Daktari akasema basi ni muhimu alete vyeti vya huko waone, na kwamba mtu wa umri wake akiwa na maumivu ya juu ya tumbo na damu inapungua, huenda ikabidi aende Morogoro akaangaliwe tumbo kwa ndani, kwa mpira wenye kamera. Mzee akashukuru. Njiani nilimuuliza lini tunakwenda Morogoro. Akasema kwanza dozi ya damu iishe, ndipo Mikumi watoe njia, ndipo Morogoro iitwe. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Alitembea kando yangu, anahema kwenye kile kimwinuko kidogo cha barabara kana kwamba ni mlima, na tulipofika nyumbani aliniambia asante kwa kumsindikiza.

Nilimpigia simu Mwajuma. Alilia. Alisema, "Dada, unamjua Baba. Nikimsukuma anasimama." Nilimjua. Mafuriko ya mto Mkondoa yalipoingia mtaani mwaka mmoja, watu wanakimbia na magodoro vichwani, yeye alihamisha viti vyote kwanza, kisha vyombo vyote, kisha nguo, na maji yalimkuta kiunoni hajaanza kujihamisha mwenyewe. Vijana walimbeba kwa nguvu. Aliwalaumu kwa kuwa walimtoa kabla ya zamu yake.

Siku treni mpya ya umeme ilipoanza kupita upande wetu, tulikwenda kuitazama. Yeye alikuwa ameshakonda sana, kofia inamzama. Watu walishangilia, ilikuwa nzuri kweli. Yeye alitazama mpaka ikapotea, akaniuliza, "Nani anampa dereva mkono?" Nikamwambia siku hizi wanatumia mitambo, kuna watu wamekaa mahali wanaziona treni zote kwa pamoja kwenye kioo. "Zote kwa pamoja," alirudia. Nilidhani atasema jambo. Alishika pale chini ya kifua, akacheua, akaomba turudi nyumbani.

Alianguka Mikumi, kwa binti yake, mchana, mbele ya madereva wanaokula ugali. Alitapika vitu vyeusi vyeusi kama mashapo ya kahawa, kisha akatapika damu yenyewe. Safari hii hakuulizwa lipi la kwanza. Waliongeza damu, wakampakia kwenye gari la wagonjwa, wakampeleka Morogoro, nami nikawafuata huko, na ule mpira wenye kamera ukashuka. Kulikuwa na uvimbe tumboni, karibu na njia ya kutokea chakula, umechimbika na unavuja. Ulikuwa umeshatuma wenzake kwenye ini. Wakatufafanulia kwamba vidonge vya magoti vilichangia kuvujisha damu, na kwamba uvimbe ulikuwepo muda. Nilimuuliza daktari mmoja pembeni, kama angekuja mapema? Alisema mapema ni bora siku zote. Nilielewa, na nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Walimrudisha Mikumi akae kwa Mwajuma, na dawa za maumivu zilizoandikwa na watu wanaojua wanachokiandika. Nilimfuata. Nilikuwa nimemshonea suruali mbili laini za kamba kiunoni, ambazo hazihitaji kipimo.

Walikuwa wamemlaza kwenye godoro sebuleni, mlango wazi ili aone barabara. Malori yanapita, honi zinalia, naye ambaye hakuwahi kuuvumilia mji ule alikuwa anazifuata kwa macho. Nilipiga magoti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Suruali umeleta?"

"Nimeleta."

"Kitambaa hakilegei?"

Tulicheka, yeye bila sauti. Mwajuma akaja na kikombe cha uji, ndani yake amechanganya maziwa, sukari, karanga za kusaga na yai. Mzee alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi. "Siku hizi wanaingia wote," alisema. Akanywa vijiko vichache, akageuza uso.

Mwajuma alikaa chini karibu na mlango apumzike. Nilimwona akijishika chini ya kifua. Kisha akachukua kikombe kingine pale pembeni, maji yamechafuka kidogo, akanywa yote kwa mkupuo, akacheua. Nilijua harufu ile. Magadi. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike, maana macho yangu yote yalikuwa kwa mgonjwa. Midomo yake ilikuwa haina rangi. Viganja vyake havikuwa na rangi. Na kwenye pindo la khanga yake alikuwa na udongo, ule wa kuoka unaouzwa sokoni, akimega na kutafuna kama biskuti.

"Mwajuma, una mimba?"

"Hapana, dada. Huu udongo tu umenishika, siachi. Tangu mtoto wa mwisho."

"Na magadi?"

"Kiungulia. Kuna mahali naenda wananipa dawa za tumbo. Nikimaliza hizi, ndiyo nitaangalia na kizunguzungu." Akatabasamu, akamtupia baba yake jicho, kama mtoto anayesoma vizuri darasani. "Kila kitu kina zamu yake."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikosa cha kufoka. Nilisikia godoro likitoa mlio na nilipogeuka mzee alikuwa anajaribu kuinuka kwa kiwiko, na hakuwa na nguvu za kuinua hata kijiko. Nikamwegemeza kwenye bega langu. Alikuwa mwepesi mno.

"Kizunguzungu tangu lini?" aliuliza.

"Baba, pumzika. Si kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo uliopita. Baba, nitakwenda. Nimalize kwanza..."

"Nani kakufundisha hivyo?"

Mwajuma aliinamisha kichwa. "Wewe."

Lori lilipita. Mzee alisubiri lipite, mpaka mwisho kabisa, mpaka nyumba ilipoacha kutetemeka. "Nilikosea," alisema. Alihema kidogo. "Hata kwa yule mama nilikosea. Nenda sasa hivi. Tumbo, kizunguzungu, huo udongo. Yaseme yote. Mtu mmoja ayasikie yote."

"Nikuache na nani?"

Mzee aliutoa mkono wake kwenye blanketi, akaunyoosha juu polepole, akakunja vidole duara. Nimeuona mkono ule mara nyingi, kwa utani, barazani kwangu. Sikuwahi kuuona ukimwelekea mtu. Mwajuma alielewa kabla yangu. Alisimama, akaupitia mkono wa baba yake kwa mkono wake, akaushika, akauachia, akatoka nje bila kugeuka nyuma. Nilimwita jirani akae na mzee, nikamkimbilia Mwajuma.

Kwa daktari aliingia na mimi, safari hii hakuna aliyenizuia. Alikuwa dada kijana, anaandika huku akisikiliza. Mwajuma akasema, "Dokta, nina kiungulia." Daktari akauliza, "Na kingine?" Niliuma ulimi. Naapa niliuuma. Mwajuma alitazama dirishani, akavuta pumzi, halafu ikatoka yote, kizunguzungu, mapigo ya moyo anapobeba ndoo, udongo, magadi, hedhi nzito, choo kimewahi kuwa cheusi kabla hajameza dawa yoyote, baba yake amelala sebuleni na uvimbe wa tumbo. Daktari aliweka kalamu chini akamsikiliza.

"Inaweza kuwa vidonda," alisema mwishoni. "Inaweza kuwa vijidudu vya tumboni, hivyo huenea ndani ya familia moja. Inaweza kuwa safura, au hedhi, au zaidi ya kimoja. Hata hamu ya udongo mara nyingi hutokana na damu kupungua. Sitakwambia si kitu, kwa sababu ya baba. Tutapima damu leo, tutapima choo leo, na nitakuandikia Morogoro wakuangalie kwa kamera. Vyote kwa pamoja."

Tulirudi jua likiwa bado kali. Mzee hakuwa amelala. Alikuwa ameugeuzia mlango uso, vidole vingali vimekunjwa duara juu ya blanketi, na yule jirani alituambia alikataa maji, alikataa kugeuzwa, alikuwa anasubiri. Mwajuma alipitia jikoni moja kwa moja kuweka sufuria motoni, maana madereva walikuwa wameshaanza kuulizia chakula. Mimi nikainama.

"Amefika?" aliniuliza.

"Amefika."

"Na yote?"

"Yote, mzee. Nilikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa kidogo, akafumba macho. Nikamfunika. Mkono ulibaki nje, juu ya blanketi, na sikuurudisha ndani, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeshafunguka.